Alhamisi Niliyomuua Shangazi

Siku mliponiaga, vijana wangu wa chumba cha simu, mmoja wenu aliniuliza nimewezaje kukaa miaka thelathini na moja katika kazi hii bila kuichukia. Nilikuwa na keki mdomoni, nikajibu kwamba kazi ni kazi, mkapiga makofi. Lile lilikuwa jibu la mtu mwenye keki mdomoni. Sasa niko nyumbani wiki ya tatu, sina mtu wa kumuunganisha na mtu, nimeona niwaandikie jibu lenyewe. Vyeo nitaviruka, vilikuja vilipotaka. Mishahara nayo mnaijua.

Nilianza kazi Tororo mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa kutoka Iyolwa, nina sketi moja nzuri na viatu vya kuazima vilivyonibana. Chumba cha simu kilikuwa na dirisha kubwa lililotazama Mwamba, ule mlima wa jiwe ulio juu ya mji, na viti vyote viliupa Mwamba mgongo. Mbele yetu kulikuwa na ubao mrefu wenye matundu, kila tundu na namba yake. Mtu akitaka simu, kifuniko kidogo cha shaba kilianguka juu ya tundu lake. Unachomeka kamba moja kwake, unasema "Namba, tafadhali," unachomeka kamba ya pili kwa anayemtaka, unapiga kengele, unaandika saa kwenye tiketi. Ndiyo kazi yote. Niliielewa kwa dakika kumi, nikaiweza baada ya miezi minne.

Aliyenifundisha ni Bi. Pinto, msimamizi wetu, Mgoa mzaliwa wa Kisumu. Alikuwa mwembamba, hapandishi sauti, na alivaa saa mbili mkononi, moja ya kumwambia saa na ya pili ya kuichunga ya kwanza. Alinifundisha kunywa maji ya uvuguvugu kabla ya zamu. Alinifundisha kurudia namba hata kama nimeisikia vizuri, na kukaa wima, kwa sababu mtu aliyejikunja husikika amejikunja. Lililonishinda kwa muda mrefu ni kusikia bila kusikiliza. "Unaingia kujua kama laini iko hai," alikuwa akisema. "Ukishajua iko hai, toka. Yaliyobaki ni ya wenyewe."

Mchana tulikuwa watatu. Kushoto kwangu alikaa Nabwire, Msamia wa Lunyo, aliyenizidi miaka minne. Mumewe alikuwa amefariki, na binti yake mdogo, Taaka, alikuwa akilelewa na bibi yake kule Lunyo, kwa sababu chumba alichopanga Nabwire mjini kilitosha kitanda na jiko tu. Kulia alikaa Apolot, Mteso, ambaye angeweza kumchekesha hata askari wa zamu. Usiku alikuwa mzee Barasa peke yake. Tulikaa kiwiko kwa kiwiko, na kamba zetu zilipishana siku nzima. Mkono wako ukipita juu ya mkono wa mwenzako unasema "samahani dada." Ni neno dogo, lakini mtalikuta tena huko mbele.

Mnapenda kuniuliza habari za simu ngumu. Ngumu kuliko zote zilikuwa za Busia. Kulikuwa na wafanyabiashara wawili, mtu na shemeji yake, mmoja na duka upande wetu, mwingine na duka upande wa Kenya, na kati yao barabara tu. Waliweza kuonana wakipanga magunia. Lakini walipigiana simu kupitia kwetu, kwa sababu atakayevuka kwanza ndiye atakayeonekana ana shida na mwenzake. Niliwaunganisha kwa miaka sita. Nilipouliza baadaye kama kuna aliyewahi kuvuka, niliambiwa bado wanafikiria.

Nyingine ngumu, na hizi hazichekeshi, zilikuwa simu za msiba. Zilitangulia simu zote, hata ya mkuu wa wilaya. Nilijua kifo cha mtu kabla ya mkewe kujua, kisha nikikutana na huyo mkewe sokoni nanunua nyanya kama sijui kitu. Kwa hiyo msiba ulikuwa na uzito wake chumbani mwetu, na humo ndimo ulimotoka utaratibu ambao hakuna aliyeuandika popote. Mwenzako akisema ana msiba, unamshikia zamu, huulizi swali. Daftari la zamu lilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "Sababu," na ukilifungua ungekuta msiba, msiba, ugonjwa, msiba, mpaka chini.

Utaratibu huo ni mzuri na hata leo ningeutetea. Tatizo ni kwamba ulikuwa na mlango mmoja tu. Kila mmoja wetu alikuwa na siku moja ya mapumziko katika wiki, na yangu ilikuwa Alhamisi. Wenzangu walikuwa na koo kubwa kutoka Masafu mpaka ng'ambo ya mpaka, na watu hufa bila kutazama ratiba. Mimi sikuwa na mume wala mtoto, ikaonekana Alhamisi yangu imekaa bure. "Athieno, nishikie." Nikashika. Mwaka wa tano nilianza kuamka nikiuchukia ule ubao. Niliacha kusema "tafadhali." Bi. Pinto aliliona hilo siku hiyohiyo.

Nataka mnielewe hapa. Sikuwa nimechoka kwa kazi. Nilikuwa nimechoka kwa sababu mchana kutwa maneno yaliyopita masikioni mwangu yalikuwa ya watu wengine, na jioni nilipofika chumbani sikuwa na kitu hata kimoja kilichoanza na mimi. Ndipo nikamsikia Mwalimu Owor akipiga kinanda kanisani. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, unakanyaga pedali mbili kikavuta pumzi, na kanisa letu lilikuwa umbali wa kutembea dakika tano kutoka kazini. Nilisimama nje mpaka akamaliza. Kisha niliingia nikamwomba anifundishe, na nilipokuwa nikimwomba sauti ilinitetemeka, mimi ambaye nalipwa kwa ajili ya sauti.

Mwalimu Owor alikubali, ila alikuwa na nafasi Alhamisi saa nane tu, wanafunzi wake wakiwa shambani mwa shule. Akaniambia jingine. Baada ya Krismasi angehamishiwa Soroti, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kupiga, wazee wa kanisa walikuwa wameamua kukifungia kinanda stoo. Ilikuwa katikati ya mwaka. Nilikuwa na miezi sita, Alhamisi kwa Alhamisi. Alhamisi ya kwanza Apolot alipata msiba, nikamshikia. Ya pili alipata Nabwire. Nikaapa kwamba ya tatu hainipiti.

Jumatano jioni, tunavua hedifoni, Nabwire akanigeukia.

"Athieno, dada, hiyo kesho..."

"Kesho siwezi," nikamkatiza. "Nina msiba. Shangazi yangu wa Iyolwa amefariki."

Sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ileile ya kazini, wazi na bila haraka. Nabwire akaweka mkono mdomoni.

"Yule aliyekulea?"

"Yule."

"Woi, pole sana. Basi wewe nenda, usiwaze hapa. Hata zamu yako ya Ijumaa nitashika mimi."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Sikumuuliza alitaka kuniomba nini. Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na hilo moja ambalo sikuuliza ndilo ninalolikumbuka kuliko yote.

Alhamisi nilikwenda kanisani. Siwezi kudanganya tena kwa kusema dhamira ilinisuta, maana haikunisuta hata kidogo. Mwalimu aliniweka vidole vitano mahali pake, akanifundisha mstari mmoja wa wimbo, na nilipoupiga wote bila kukosea nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na nguvu kwa sababu ya miaka mitano ya kuvuta kamba. Saa mbili zile nilikuwa na furaha kamili.

Jioni nilikuta ujumbe wa Bi. Pinto mlangoni. Alinipa Ijumaa na Jumamosi nikazike. Sasa nitakaa wapi? Tororo nzima ilijua sauti yangu, na nusu yake ilijua uso wangu. Mfiwa hawezi kuonekana dukani akichagua sabuni. Basi Ijumaa asubuhi nilipanda baiskeli ya kukodi, nikaenda kujificha Iyolwa, kwa marehemu mwenyewe. Nikamwambia nimepewa likizo. Alifurahi sana, akanipa jembe.

Jumamosi mchana tulikuwa uani. Shangazi alikuwa akipepeta karanga, mimi nachambua. Tukasikia gari. Nililijua lile gari kwa mlio, lilikuwa la mafundi wetu wa nyaya. Likasimama mbele ya nyumba. Akashuka Bi. Pinto, gauni jeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu, rozari mkononi. Akashuka Nabwire na mkeka kichwani na mfuko wa sukari. Dereva akashusha gunia la unga na jogoo aliyefungwa miguu. Apolot alikuwa amebaki kwenye ubao. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa kila mtu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda gari lile mara nyingi kwenda kuwalilia wazee wa wengine. Katika ujanja wangu wote nilisahau jambo hilo moja.

Shangazi akainuka, akajikung'uta makapi, akatumia Kiswahili chake cha soko la Malaba. "Karibu, karibu. Nyinyi watu ya simu?"

Bi. Pinto akamshika mikono yote miwili. "Poleni sana kwa msiba, mama."

"Asante. Msiba ya nani?"

Bi. Pinto alinitazama, akarudi kumtazama yeye. "Wa shangazi yake Athieno."

Shangazi akafikiri. "Athieno, wewe iko na shangazi ngapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Basi nakufa mimi." Akauweka ungo chini polepole. "Nakufa siku gani?"

"Alhamisi."

"Na wewe nakaa hapa tangu jana nakula chakula yangu, huniambii."

Dereva alikwenda nyuma ya gari, na tulimsikia huko. Bi. Pinto hakucheka. Shangazi akatazama jogoo, gunia na mkeka, kisha akawaambia wageni wakae, kwa kuwa watu wametoka mbali na lazima wale, mfu awe amekufa au hajafa. Akamtuma dereva kuni.

Nabwire hakukaa. Alitua mkeka wake chini, akanijia mpaka karibu.

"Unajua nilitaka kukuomba nini Jumatano?"

"Sijui."

"Taaka alikuwa anaimba. Shule yao iliita wazazi, watoto waimbe mbele yao, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuanza wimbo. Nilimwahidi nitakuja. Sikuwa na msiba, nikaona nitakuomba tu, labda utaelewa. Wewe ukasema shangazi. Nikafunga mdomo." Sauti yake haikupanda. "Bibi yake anasema mtoto alinitafuta kwa macho mpaka wimbo ukaisha. Nimempa marehemu wako siku ya mwanangu, Athieno. Na marehemu wako anapepeta karanga."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Nilisema nisamehe, akasema amesikia. Walikula, wakaondoka. Sukari ikaachwa, kwa sababu huwezi kurudi na vitu vya msiba. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu kwamba siku atakayokufa kweli itabidi atume mtu mwingine wa kuaminika kupeleka habari.

Jumatatu nilikwenda kazini nikijua nafukuzwa. Bi. Pinto alikuwa na daftari la zamu mezani, limefunguliwa. Aliniuliza Alhamisi nilikuwa wapi. Nikamwambia kanisani, nikijifunza kinanda.

"Kwa nini hukuja kuniambia hivyo?"

"Madamu, ningekwambia nataka mchana wangu nikapige kinanda, na mwenzangu amefiwa? Hapa hakuna anayepewa muda mpaka mtu afe."

Nilidhani ndiyo sentensi yangu ya mwisho kazini. Bi. Pinto aliinamia daftari, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, kidole chake kikishuka kwenye ile safu ya mwisho. Alichukua muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka yote niliyokaa kiti hiki sijasaini jambo jema hata moja." Akanigeuzia daftari, akanipa penseli. Aliniamuru nifute pale palipoandikwa "msiba" niandike nilichokwenda kufanya. Nikaandika "kujifunza kinanda," yeye akasaini pembeni. Adhabu yangu ilikuwa kushika Jumamosi zote mpaka Krismasi. Alhamisi, alisema, ni yangu, mradi niandike ukweli na mwenye jeneza la kweli apite mbele yangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye jibu la swali lenu. Watu walicheka. Apolot alinipigia makofi kila Alhamisi kama naondoka kwenda jukwaani. Mzee Barasa aliniuliza kama marehemu hajambo. Wiki nyingine mvua ilinyesha, wiki nyingine nilikuwa nimechoka kiasi cha kulala na viatu, na mara tatu jeneza la kweli lilipita mbele yangu, nikalipisha. Lakini Alhamisi zilizobaki nilikwenda, nimechoka au sijachoka. Nilichora vibonye vya kinanda kwenye kipande cha boksi, nikakiweka juu ya kitanda, nikafanya mazoezi kila asubuhi kabla ya chai bila kutoa sauti. Hamu haikunijia kwanza ndipo nikaketi. Niliketi kwanza, na siku nyingi ilinikuta pale. "Tafadhali" ikarudi mdomoni bila mimi kuiita. Krismasi nilipiga nyimbo nne kanisani, moja niliiharibu katikati nikaendelea tu, na Januari Mwalimu Owor alipohama, kinanda hakikwenda stoo. Nilikipiga mpaka panya walipokula mapafu yake.

Kilichobaki ni Nabwire. Miezi tisa tulikaa kiwiko kwa kiwiko na hakunisemesha nje ya kazi. Mkono wake ulipita juu ya wangu kimya, mara mia kwa siku. Nilimwambia nitamshikia zamu yoyote atakayotaka, akasema hataki kitu. Nilileta ndizi mbivu, akampa Apolot. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeutumia mlango wa wafiwa kutoka, na yeye alikuwa na mume kaburini.

Kisha asubuhi moja ya Jumatano nilikuta daftari la zamu limewekwa mbele ya kiti changu, limefunguliwa. Kwenye mstari wa kesho yake alikuwa ameandika jina lake, na pale pa mwenye kushika ameacha wazi. Kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko wake wa kulala, palisomeka: "Kumsikiliza Taaka akiimba."

"Ni Alhamisi," alisema bila kunitazama. "Najua una kinanda chako."

"Kinanda kitakuwapo wiki ijayo."

Nikachukua penseli nikaandika jina langu. Siku ile nilishika kutoka asubuhi mpaka jioni, na mkiniuliza nilitoa nini, sikuona kama nimenyang'anywa kitu. Lori la pamba lilimbeba Nabwire mpaka Busia, na kutoka hapo akatembea.

Ijumaa alifika mapema, vumbi bado kwenye viatu. Alikaa, akachukua hedifoni, akaishika tu mapajani. Nilikuwa na simu ya Busia mkononi, yule mtu na shemeji yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi niliwaacha wasubiri.

"Aliimba?" nikamuuliza.

"Aliimba. Mistari mitatu." Akapitisha mkono wake juu ya wangu kuichukua kamba yake. "Samahani dada," akasema. Kisha akasema, "Alinitafuta kwa macho, akaniona."